Umeme, uchomeleaji au injini: kuchagua ufundi ukiwa Kigoma

Kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa Kigoma, akaamua kwamba njia yake ni ufundi, kwa kawaida hupata ushauri mwingi kuliko anavyoweza kuutumia. Mjomba mwenye vyumba vya kupangisha eneo la Mwanga mjini hapa atamwambia asome umeme, kwa kuwa fundi umeme ndiye anayemtafuta kila mara bila kumpata. Jirani mwenye karakana ya mageti atamwambia kuwa watu hawaachi kujenga na kila nyumba inataka milango na madirisha ya chuma. Kaka yake anayeendesha bodaboda atamhakikishia kuwa hakuna siku inayopita bila yeye kumpa fundi pikipiki chochote. Wote watatu wanasema kweli, lakini kila mmoja anasema kama mteja wa fani anayoisifia, wala hakuna hata mmoja kati yao anayeijua siku ya fundi ilivyo tangu asubuhi mpaka anapofunga kazi.

Makala haya yanalinganisha fani hizo tatu, yaani umeme wa majumbani, uchomeleaji wa vyuma, na ufundi wa injini za pikipiki na boti, kwa mtu anayetarajia kuishi na kufanya kazi mjini Kigoma, Ujiji au katika wilaya za mkoa huu. Uashi, useremala na ushonaji vimeachwa nje kwa makusudi. Si kwamba havifai, kwani useremala una heshima yake ya siku nyingi hapa kutokana na boti za mbao zinazoundwa kandokando ya Ziwa Tanganyika; ila wengi wanaosita, husita kati ya hizi tatu.

Vigezo vya kulinganishia

Kila fani itapimwa kwa mambo sita: inajifunzwa wapi na vipi, inadai vifaa gani kabla ya kazi ya kwanza ya kujitegemea, kazi na malipo vinamfikiaje fundi, sheria inataka karatasi gani, mwili unalipa gharama gani, na miaka ijayo inaelekea wapi. Kigezo cha “ipi inalipa zaidi” hakimo. Ukipita mtaa mmoja utakuta mafundi wawili wa fani ileile, mmoja amejenga na mwingine anadaiwa kodi ya chumba, kwa hiyo swali hilo haliwezi kujibiwa kwa fani nzima. Linaloweza kujibiwa ni pesa ya kila fani inakuja kwa mwendo gani, na kwa maoni yangu hicho ndicho kigezo kizito kuliko vingine, kwa sababu vijana wengi hawaachi ufundi kwa kushindwa kazi. Huacha kwa kushindwa kuvumilia namna malipo yanavyokuja.

Kujifunza: chuoni au chini ya fundi

Fani zote tatu zina milango miwili. Mlango wa kwanza ni chuo, na kwa wengi maana yake ni VETA Kigoma, chuo cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, au chuo kingine cha ufundi kilichosajiliwa. Mafunzo yamepangwa kwa ngazi tatu, na mwanafunzi anaweza kuzipanda mfululizo au kusimama baada ya ngazi mojawapo, akafanye kazi, kisha arudi. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kinachozishinda familia nyingi ni vifaa, sare, nauli na chakula kuliko ada yenyewe. Mlango wa pili ni kukaa chini ya fundi, ukaanza kama spana boi au msaidizi, ukala posho ndogo na kupanda kadiri fundi anavyokuamini.

Kwa umeme, chuo kina uzito wa pekee. Makosa ya fundi umeme hufunikwa na plasta, na mtu aliyejifunza kwa kuangalia tu hufunga anachokiona bila kujua kwa nini waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha taa lakini haufai kubeba soketi za jikoni. Hesabu ya mzigo, ukubwa wa waya, ukubwa wa breka na kazi ya waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) ni mambo ya kukaa chini na kufundishwa. Kwa kuwa leseni nayo inadai cheti, njia ya mtaani peke yake humwacha fundi umeme mahali ambapo kazi anaijua lakini hawezi kuisaini.

Uchomeleaji uko tofauti kidogo. Chuo hukufundisha kusoma mchoro, kukata kwa vipimo, na kuchomelea katika mikao yote, ikiwemo ule wa juu ya kichwa ambao karakana za mageti hazina sababu ya kukufundisha. Lakini mkono hutengenezwa kwa wingi wa rodi za kuchomelea ulizounguza, na rodi za chuoni zina mgao. Karakana itakupa mazoezi tele, ila ya kazi zilezile, yaani mageti, madirisha na vitanda vya chuma.

Kwa injini, naona gereji inashinda katika jambo moja muhimu, nalo ni utambuzi wa ugonjwa. Pikipiki haiji na karatasi inayosema imeharibika nini. Inakuja inagugumia, inakula oili au inakataa kuwaka asubuhi, na fundi hujifunza kutofautisha sauti hizo kwa kuzisikia mara nyingi. Chuo nacho hushinda kwenye mifumo ya umeme wa chombo na injini mpya zinazoongozwa na vihisi vya elektroniki (sensa), ambazo fundi wa zamani aliyezoea kabureta huzikwepa.

Anayeamua kukaa chini ya fundi ampime kwanza fundi huyo, na kipimo chenyewe ni kuangalia kazi zake bila kuuliza maswali mengi. Kwenye karakana ya chuma, tazama kiungo kabla hakijapakwa rangi. Fundi makini hugonga gome lote linalobaki juu ya mshono mpaka chuma kionekane, akaziba penye vitundu, ndipo anapiga grinda; asiyejali hupaka rangi juu ya gome, na mvua mbili tatu baadaye kutu huchungulia palepale. Kwa fundi umeme, angalia nyaya anaziunganishia wapi. Akisokota nyaya mbili, akazifunga kwa tepu na kuziacha ndani ya ukuta badala ya kwenye kisanduku cha maungio, tafuta mwalimu mwingine. Kwa fundi pikipiki, subiri siku anapopanga tapeti, yaani mwanya wa vali za injini. Anayepima mwanya huo kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa imepoa atakufundisha kazi, ilhali anayekaza kwa kusikiliza tu anaweza kuwa hodari kweli, lakini kile anachokijua hakihamishiki kwako kirahisi.

Vifaa vya kuanzia

Umeme ndio unaodai kidogo zaidi. Tesita, plaizi, bisibisi za aina mbili, kisu cha kuvulia waya, mita ya kupimia, nyundo, tindo na futi vinaingia kwenye begi moja la mgongoni, na ngazi huazimwa. Vifaa vya kufungwa kwenye nyumba hununuliwa na mwenye nyumba. Kosa ambalo wanaoanza hulifanya ni kuacha mita ya kupimia wakidhani tesita inatosha, kumbe tesita hukuambia umeme upo bila kukuambia upo kiasi gani wala ethi inafanya kazi.

Fundi pikipiki anahitaji zaidi: seti ya spana na soketi, spana za T za namba 8, 10, 12 na 14, pula ya kutolea magneto, koleo, pampu na beseni la kuoshea vipuri. Anaweza kuanza chini ya mti karibu na kijiwe cha bodaboda, lakini spana za bei rahisi huliwa meno mapema na kuharibu boliti za mteja, na hapo ndipo fundi mchanga huanza kudaiwa. Injini za boti zinaongeza gharama nyingine, kwa sababu zina vifaa vyake vya kufungulia na mahali pa kuzining’iniza wakati wa kazi.

Uchomeleaji ndio mzito. Pamoja na mashine, utahitaji grinda na diski zake, drili, jiriwa, kinga ya uso, glavu, meza ya chuma, na juu ya yote sehemu yenye umeme unaoweza kubeba mashine. Mashine ndogo za inveta zimepunguza mzigo huo, kwa kuwa hubebwa mkononi na hula umeme kidogo kuliko zile kubwa za koili. Hata hivyo fundi chuma hununua umeme wa LUKU kama anavyonunua chuma, na asiyeuingiza kwenye bei ya geti anajikopesha bila kujua. Wengi huanza kwa kupanga kona ndani ya karakana ya mwingine wakilipa kwa siku, na huo ni mpango mzuri kuliko kukopa mashine mpya kabla hujapata wateja wako.

Walio tayari kufanya kazi kwa kikundi wanaweza kuulizia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa uchomeleaji mpango huo una mantiki, maana mashine moja inaweza kuhudumia watu watatu. Kwa umeme sioni haja ya deni la kikundi kwa ajili ya begi la vifaa.

Kazi inavyokufikia, na pesa inavyofuata

Fundi umeme huitwa, fundi chuma huagizwa, na fundi injini hukaa akisubiri.

Tuanze na anayeitwa. Kazi zake ni za aina mbili. Zipo ndogo, kama soketi iliyoungua, breka inayoruka au pampu iliyogoma, ambazo hulipwa papo hapo na ndizo zinazomlisha. Zipo pia kubwa, yaani nyumba mpya, na hizi huja kwa awamu. Kwanza unachimba kuta na kulaza mabomba ya kondwiti ya kupitishia nyaya kabla ya plasta. Kisha unavuta nyaya. Kisha unafunga soketi, swichi na ubao wa breka. Mwisho nyumba inaombewa umeme TANESCO. Kati ya awamu na awamu mwenye nyumba huenda kutafuta pesa, na kwa kuwa wengi hujenga wakati wa kiangazi na kusimama mvua zinapoanza, nyumba uliyoishika Julai inaweza kukusubirisha mpaka kiangazi kinachofuata. Fundi umeme wa kudumu ni yule mwenye nyumba kadhaa zilizo katika hatua tofauti, na hilo halitokei mwaka wa kwanza.

Vijijini picha ni nyingine. Gharama ya kuunganishiwa umeme ya shilingi 27,000 imewavuta wengi, lakini nyumba nyingi za huko ni za vyumba vichache, na kifaa cha UMETA, ambacho ni ubao uliokamilika wenye soketi na taa zake, huziwezesha kupata umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Hilo ni jema kwa mwananchi, ila ni kazi iliyopungua kwa fundi. Anayekwenda Buhigwe au Kakonko akitegemea umeme peke yake aongeze ujuzi wa sola na pampu za maji.

Anayeagizwa hupokea malipo ya awali, na ndani ya malipo hayo kuna mtego unaoangusha karakana nyingi. Mteja wa kwanza analipa nusu. Fundi anaitumia kumalizia geti la mteja aliyetangulia. Mteja wa pili anakuja, pesa yake inakwenda kwenye kazi ya wa kwanza. Kazi zinaonekana nyingi na karakana imejaa, lakini fundi anaishi kwa pesa ya kazi ambazo hajazifanya, na siku wateja watatu wanapokuja pamoja kudai, anazima simu. Hili hupata nguvu zaidi Kigoma kwa sababu skwepaipu (mabomba ya mraba), flatibaa (vyuma bapa) na mabati hutoka mbali. Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,200 kwa njia ya reli, na bei ya chuma dukani hubadilika mzigo mpya unapoingia. Fundi aliyempa mteja bei ya wiki tatu zilizopita hujikuta anamlipia mteja geti lake. Dawa yake ni ya kikarani tu: andika orodha ya vifaa na bei ya siku hiyo, mweleze mteja kuwa bei hiyo ina siku chache, na siku anapolipa ndiyo siku ya kununua chuma chake na kukiwekea alama. Kijana asiyependa daftari, hata kama ana mkono wa dhahabu, atateseka katika fani hii.

Fani hii ina upande mmoja ambao mikoa mingi haina. Kigoma ni mkoa wa michikichi, na mashine za kukamulia mawese huhitaji kutengenezwa, kurekebishwa na kubadilishwa vipuri. Anayeweza kutengeneza ekseli, chujio na pipa la kuchemshia huondoka kwenye ushindani wa mageti, ambako kila karakana hushusha bei. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mkoani hapa, na ni mahali pa kwanza pa kugonga hodi kwa anayelenga upande huo.

Anayesubiri, yaani fundi injini, hupata pesa ndogo lakini ya kila siku. Kubadili oili, kukaza cheni, kurekebisha breki na kubadili plagi ni kazi za dakika chache, na bodaboda hawezi kuziahirisha kwa sababu chombo kikisimama naye hali. Ugonjwa wa fani hii ni deni la “nitakupa jioni”. Gereji ambayo haina msimamo juu ya deni hufa ikiwa na wateja wengi.

Ziwa nalo lina kalenda yake. Uvuvi wa dagaa kwa taa hutegemea giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa samaki hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzisha vyombo. Kwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi au Katonga, siku hizo ndizo za kazi, kwa kuwa kila mwenye boti anataka injini yake iwe tayari giza litakaporudi. Siku za giza, kinyume chake, huitwa kwa dharura tu. Kuna pia kusimama kwa muda mrefu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu kama hiyo humkuta fundi wa boti akiwa na injini nyingi za kufanyia ukarabati mwanzoni, kisha wateja wasio na pesa ya kumlipa. Ndiyo sababu inafaa anayejifunza boti ajue na pikipiki, japokuwa mwenye pikipiki halazimiki kujua boti.

Karatasi na leseni

Hapa tofauti ni kubwa na haihitaji maneno mengi. Kazi ya kutandaza umeme inasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo hutoa leseni za mafundi kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu, na daraja la chini humruhusu fundi kufanya kazi ndogo za majumbani. Asiye na leseni hufanya kazi kwa kivuli cha mwenye nayo, ambaye ndiye anayesaini na ndiye anayechukua sehemu ya pesa. Uchomeleaji na injini hazina leseni ya namna hiyo kwa fundi mmoja mmoja; utahitaji leseni ya biashara ya halmashauri na namba ya mlipakodi ukishakuwa na karakana, na miradi mikubwa itakudai cheti cha ngazi fulani kabla ya kukuajiri.

Aliyejifunza mtaani hajafungiwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyepata ujuzi kazini hutathminiwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kuanza darasa upya. Kwa fundi chuma na fundi injini huenda hiyo ndiyo njia nyepesi zaidi ya kuunganisha milango ile miwili.

Mwili unalipa nini

Umeme wa majumbani ni volti 230, na kosa lake halitoi onyo. Nidhamu inayomwokoa fundi ni ya kuchosha: zima, pima, hakikisha hakuna atakayewasha, ndipo uguse. Kijana mwenye haraka au anayependa kuonyesha kwamba haogopi asiruhusiwe kuisoma fani hii mpaka atulie.

Uchomeleaji humdhuru fundi polepole. Mwanga wa mashine huunguza uso wa jicho, na maumivu yake huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwasha kama yamejaa mchanga. Miwani ya jua inayouzwa mnadani haizuii. Mafusho nayo huingia mapafuni, hasa yanayotoka kwenye chuma kilichopakwa zinki, ambayo huleta homa na baridi usiku huohuo. Imani iliyoenea kwamba maziwa huyasafisha haina ukweli: maziwa huenda tumboni, na mafusho yako kwenye mapafu. Kufanyia kazi mahali pa wazi, kusimama upande ambao upepo unakutokea nyuma na kuvaa kinga ya kweli ndivyo vinavyosaidia.

Fundi injini huumia mgongo na ngozi. Kunawa mikono kwa petroli, jambo ambalo karibu kila gereji hulifanya, hukausha ngozi na kuipasua. Sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga laini hutosha.

Miaka ijayo

Mkoa wa Kigoma ulikaa kwa miaka mingi ukitegemea majenereta ya dizeli, na ulianza kuingizwa kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2022 kupitia Nyakanazi, mkoani Kagera. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, wenye megawati 49.5, unalenga kuongeza uhakika zaidi. Umeme ukiwa wa kutegemeka, fundi umeme hupata mashine za kusaga, majokofu ya samaki na mota za viwanda vidogo, na fundi chuma hupumua, kwa kuwa kila saa ya umeme kukatika ilikuwa saa yake ya kukaa bure.

Reli ya kisasa nayo inatajwa sana. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulisainiwa Desemba 2022, na ujenzi wa namna hiyo huajiri wachomeleaji na mafundi umeme wenye vyeti. Ningemshauri kijana auchukulie kama shule yenye mshahara, kwa sababu mradi huisha na kambi huondoka. Kwa fundi chuma lipo pia ziwa lenyewe. Mji huu una historia ya kazi ya meli: MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa kwa vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma kwa ribiti (pini za chuma) na kushushwa majini mwaka 1915. Kazi ya meli leo ni ya kuchomelea, lakini inataka mchomeleaji wa kiwango ambacho karakana ya mageti haitoi. Mwenye ngazi ya tatu na mazoezi ya mikao yote ndiye anayefikiriwa.

Kwa fundi injini, siku zijazo zina ukungu kidogo. Pikipiki za umeme zimeshaonekana Dar es Salaam, na zitakapofika huku kwa wingi hazitataka oili wala plagi. Breki, matairi, cheni, bearingi na shokapu zitabaki, na anayejua umeme wa chombo atabaki nazo. Injini za boti sizioni zikiondoka karibuni.

Nani anafaa wapi

Umeme unamfaa mtu mtulivu, anayeheshimu utaratibu, anayeongea vizuri na wenye nyumba na anayeweza kungoja malipo ya awamu. Unamfaa pia msichana ambaye nyumbani wana wasiwasi juu ya karakana za barabarani, kwa sababu kazi hufanyika ndani ya majengo na kwa miadi; ingawa wasiwasi huo wenyewe, nionavyo, hupungua haraka wazazi wanapoona pesa ya kwanza.

Uchomeleaji unamfaa mwenye jicho la vipimo na moyo wa biashara, anayeweza kutunza pesa isiyo yake ndani ya droo yake bila kuigusa. Unamfaa pia anayependa kubuni, kwa kuwa ni fani pekee kati ya hizi ambapo mteja huja na picha kwenye simu na kukuomba umtengenezee kitu ambacho hujawahi kukitengeneza.

Injini inamfaa mwenye udadisi wa kutafuta chanzo cha tatizo, asiyechoka kukaa kijiweni, na anayehitaji kurudi nyumbani na pesa ya mboga jioni hiyohiyo. Asiyeweza kumkatalia rafiki deni afikirie mara mbili.

Kulingana na hali yako

Ikiwa una cheti cha kidato cha nne, mzazi au mlezi anaweza kukubeba kwa mwaka mmoja au miwili, na hujaanza kutegemewa, anza na umeme chuoni na ulenge leseni tangu siku ya kwanza, ukitumia likizo kumfuata fundi mwenye nyumba nyingi mkononi.

Ikiwa unategemewa sasa hivi na wadogo zako, gereji ya pikipiki ndiyo itakayokupa pesa mapema. Weka lengo la kurasimisha ujuzi baada ya kukomaa, na ukiweza jifunze umeme wa pikipiki kabla ya kitu kingine chochote cha ziada.

Ikiwa kwenu ni Kibirizi, Katonga au kijiji kingine cha ufukweni, na mna ndugu wenye boti, injini za boti zina wateja ambao tayari wanakuamini. Ila usiache pikipiki, kwa ajili ya siku za giza na za kufungwa kwa ziwa.

Ikiwa una ndugu mwenye karakana atakayekupa kona, au mna kikundi cha watu wawili watatu mnaoaminiana, uchomeleaji unawezekana hata bila mtaji wako mwenyewe. Kama uko Mwandiga, Ilagala au sehemu nyingine yenye michikichi, elekea kwenye mashine za mawese mapema badala ya kungoja soko la mageti.

Ikiwa umeshajifunza mojawapo mtaani na unafikiria kuhama, pitia kwanza madaftari yako au kumbukumbu zako za miezi sita iliyopita. Kama tatizo ni madeni na malipo ya awali yaliyoliwa, fani nyingine italileta tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Kama tatizo ni macho, mapafu au mgongo, hama mapema, na umeme ndio utakaokupokea kwa urahisi zaidi ikiwa uko tayari kukaa darasani tena.

Na ikiwa bado huwezi kuamua, omba kukaa wiki moja moja kwa mafundi watatu wa fani hizi kabla ya kujaza fomu yoyote. Mafundi wengi hawamkatai kijana anayekuja kwa heshima, akafagia karakana asubuhi na kushika anachoambiwa ashike. Mwambie mzazi au mlezi wako akusindikize siku ya kwanza kukutambulisha, na kila jioni andika wateja wangapi walikuja, wangapi walilipa na wangapi waliahidi.